Waya ukikatikia ndani ya moyo

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu watu wa mtaani wajue nafanya kazi kathilabu, kile chumba cha kuzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua, sio bei wala sio maumivu. Ni hili: hivi zile nyaya zikikatikia humo ndani inakuwaje? Na anayeuliza huwa tayari kashasikia stori mahali, mjomba wa fulani kabakishiwa chuma kwenye moyo, sijui mama wa kanisani kaiona kwenye simu. Sasa leo naandika kirefu, nikiulizwa tena natuma link tu, maana kuelezea hii kitu kwenye daladala huku kila mtu kakugeukia sio raha hata kidogo.

Jibu fupi ni ndiyo, zinakatika. Na sio nyaya tu. Mrija unaweza kujipinda mpaka ukakatika, puto la kupanulia mshipa linaweza kupasuka au likagoma kunywea, stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ili mshipa ubaki wazi, inaweza kuchomoka njiani kabla haijafika ilikotumwa. Ila ni mara chache. Kuna taarifa ya Marekani ya mwaka 1987 iliyoangalia zaidi ya mara 5000 za kuzibua mishipa ikakuta vipande vilibaki kwa kama asilimia 0.2, yaani wawili hivi katika kila 1000, na enzi hizo vifaa vilikuwa bado vya kizamani. Vifaa vya sasa ni vizuri kuliko vile lakini na kazi nazo zimekuwa ngumu, zamani mshipa ulioziba kabisa miaka na miaka ulikuwa haujaribiwi, mtu anapelekwa moja kwa moja baipasi, ule upasuaji wa kuupitishia damu njia nyingine, leo dokta anaingia na waya anautafutia njia humo humo, kwa hiyo usidhani mambo ya kukatika yameisha.

Mimi ni nesi wa mezani. Nikisema mezani namaanisha nasimama pembeni ya dokta nimevaa lile koti zito la risasi la kukinga mionzi ya eksrei, nampa vitu, napokea vitu. Dokta macho yake yako kwenye monita muda wote, anaangalia kivuli cha waya kinavyotembea kwenye eksrei. Mimi macho yangu yako kwenye bakuli. Kila waya unaotoka mwilini naufuta kwa gozi iliyoloa maji ya heparini ili damu isigande juu yake, halafu naangalia ncha. Ipo? Imekaa ilivyokuwa au imenyooka, imevimba, imefumuka? Mtu akiona atadhani ni usafi tu, lakini kwa kweli ule ndio ukaguzi. Kilichoingia kizima kitoke kizima, na kama hakijatoka kizima basi tujue sasa hivi mgonjwa akiwa bado yuko mezani na mlango wa mshipa bado uko wazi, sio kesho kutwa akiwa wodini anakunywa uji.

Kabla sijafika mbali nieleze hivi vitu vyenyewe. Kwanza kinaingia kimrija kifupi kwenye mshipa wa kiganjani, hapo kwenye kifundo cha mkono, au wa kwenye kinena, hicho ni cha mlangoni, tunakiita shithi. Ndani yake unapita mrija mrefu, katheta, unaopanda mpaka kwenye mdomo wa mshipa wa moyo. Katheta inapimwa kwa French, French 1 ni theluthi ya milimita, kwa hiyo ya French 6 ambayo ndiyo tunayoitumia sana ina upana wa milimita 2 kwa nje. Ndani ya katheta ndipo unapita waya mwembamba kabisa, milimita 0.36, nusu milimita haufiki, na urefu wake ni kama sentimita 190. Puto na stenti vinateleza juu ya huo waya. Ndio reli, bila waya hakuna kitu kinafika popote.

Ukiuona unaweza ukafikiri ni uzi mmoja wa chuma tu. Hapana. Katikati kuna kiini cha chuma kisichoshika kutu au cha nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani), kiini hicho kinapungua unene kadiri unavyoelekea nchani, na sentimita chache za mwisho zimezungushiwa koili nyembamba ya platinamu au tungsteni ili ionekane vizuri kwenye eksrei. Hapo nchani lazima iwe laini sana, isije ikatoboa mshipa. Sasa ulaini huo huo ndio udhaifu wenyewe. Pale kigumu kinapokutana na laini ndipo panapokatika mara nyingi, na koili ikishikwa mahali halafu mtu akavuta, inafumuka. Chukua spring ya kalamu ya biki uivute mpaka inyooke, uone kama itarudi. Ndivyo inavyokuwa, ila hii ni nyembamba mara nyingi zaidi na ikifumuka kipande cha sentimita mbili kinakuwa uzi mrefu ajabu, unaweza kutoka kwenye mshipa wa moyo ukaning'inia mpaka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kwenye eksrei unaonekana kwa shida sana.

Inakatikaje sasa. Njia ya kwanza ni kuzungusha. Dokta anauzungusha waya kwa vidole ili ncha ielekee anakotaka, ni kawaida. Lakini ncha ikiwa imekwama ndani ya uziba mgumu na mkono huku nje unaendelea kuzungusha upande ule ule, ncha haizunguki, mkono unazunguka, ule msokoto wote unakaa kwenye waya, na mahali pembamba panakubali. Ndio maana madokta wazuri niliowahi kusimama nao huzungusha kidogo kulia kisha kidogo kushoto, hawafanyi kama wanafungua bomba.

Njia ya pili ni ya kufungiwa. Mshipa ukigawanyika njia panda, dokta anaweka waya kila tawi, halafu anaweka stenti kwenye tawi kubwa na waya wa tawi dogo unabaki umebanwa kati ya stenti na ukuta wa mshipa. Inafanywa makusudi kabisa, ule waya unalinda tawi dogo lisije likapotea. Mwishoni unavutwa polepole na unatoka. Mara nyingi. Ila ukibanwa kwa nguvu sana, stenti imepandishwa presha kubwa, mshipa una chokaa (kalsiamu iliyogandia ukutani), waya unagoma, na ukilazimisha unabakiza ncha.

Njia ya tatu ni mkono, namaanisha mshipa wa kiganjani. Siku hizi tunapendelea kuingilia hapa kwa sababu damu haimwagiki sana na mgonjwa anaamka anatembea siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe ningechagua mkono. Lakini kuna watu mishipa yao kutoka bega kwenda kifuani imejikunja kunja, hasa wazee na watu wa presha ya muda mrefu, sasa katheta ikipita kwenye hizo kona na dokta akawa anaizungusha ili ikae, mzunguko unaishia njiani haufiki nchani. Hapo katheta inajipinda, ikizidi inafunga fundo kabisa. Dalili zipo na ziko wazi: kwenye monita ile mistari ya presha inalala ghafla, na unazungusha huku nje lakini ncha haisogei. Dalili hiyo ikitokea unaacha. Unarudisha ulikotoka, upande wa pili, taratibu, huku unaangalia eksrei sehemu yenye fundo na sio ncha. Ukishindwa unaweza kupenyeza waya mgumu ndani uinyooshe, au ukafunga mkanda wa kupimia presha juu ya mkono uivimbishe ili sehemu iliyopinda ishikwe isizunguke wakati unafungua msokoto. Niliona hii ya mkanda wa presha nikashangaa, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote chumbani ndicho kilichotuokoa.

Na kuna lile la mshipa wenyewe kubana. Mshipa wa kiganjani ni mwembamba una misuli na unaogopa, ukishtuka unakamata shithi au katheta kama umeishikilia kwa mkono. Hapo ukivuta kwa nguvu unaweza kuung'oa mshipa, na sisemi kwa kutia chumvi, imetokea duniani. Dawa yake ni nitrogliserini ya kulegeza mshipa, kitambaa cha uvuguvugu, dawa ya kumtuliza mgonjwa, na kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu kuliko vyote maana chumba kizima kimesimama na foleni ya wagonjwa iko nje.

Utaona kila mahali nimerudia neno moja, kuvuta. Nikiulizwa kitu gani hasa kinaharibu mambo nasema sio kukatika, ni ile mikono inayotaka kuvuta kitu kikikwama. Ni tabia ya binadamu na ni ya zamani kama kazi yenyewe. Nawapa historia kidogo ambayo naipenda kwa sababu kuna nesi ndani yake.

Mwaka 1929 katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, kulikuwa na dokta kijana wa miaka 25, Werner Forssmann. Alikuwa na wazo kwamba unaweza kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono ukafika kwenye moyo na mtu asife. Bosi wake alimkatalia. Vifaa vilikuwa vimefungiwa na funguo zilikuwa kwa nesi wa chumba cha upasuaji, Gerda Ditzen. Forssmann akamshawishi mpaka yule dada akakubali, tena akakubali kufanyiwa yeye mwenyewe. Akamlaza mezani akamfunga mikono na miguu, akajifanya anamwandaa, kumbe huku pembeni anajichoma ganzi yeye mwenyewe kwenye mkono wa kushoto. Akapitisha mrija wa njia ya mkojo, urefu wa sentimita 65, kwenye mshipa wake, akamfungua nesi (ambaye naamini alikuwa amekasirika vibaya mno) wakatembea pamoja kushuka chini kwenye eksrei kuhakikisha ncha imefika moyoni. Na walipokuwa huko akaingia dokta mwenzake, Peter Romeis, akaona jamaa ana mrija umezama mkononi, unajua alifanya nini? Akataka kuuvuta. Inasimuliwa Forssmann ilibidi ampige mateke ili amwache. Picha ikapigwa, mrija uko moyoni. Alikuja kupewa Nobel mwaka 1956, pamoja na Cournand na Richards walioiendeleza kazi hiyo Marekani. Gerda Ditzen hakupewa kitu, lakini hayo tuyaache.

Kwa hiyo ile siku ya kwanza kabisa mrija umefika moyoni, dokta mwenzake alipouona tu alitaka kuuvuta. Mambo hayajabadilika.

Sasa kikishakatika. Kwanza hakuna anayepiga kelele, hilo niwahakikishie, watu wanafikiria chumba kinakuwa kama sinema. Kinakuwa kimya kuliko kawaida. Dokta anauliza heparini ya mwisho tulimpa saa ngapi, kwa sababu adui wa kwanza wa kipande kilichobaki ni damu kuganda juu yake na kuziba mshipa. Mimi nautandaza ule waya uliotoka juu ya kitambaa cha bluu tunaupima na kuulinganisha na mpya, tujue kimebaki kiasi gani. Mtu wa eksrei anarudia picha kwa pembe tofauti kutafuta kiko wapi, kimekaa kimya au kinacheza na mapigo ya moyo, kimeishia ndani ya tawi au mkia wake unatokeza mpaka kwenye aota. Swali la mkia ndilo zito. Mkia ukiwa kwenye aota damu ikiganda pale halafu bonge lake likasafiri kwenda kichwani ni kiharusi.

Halafu unaamua: kukitoa, kukigandamiza, au kukiacha.

Kukitoa kuna vifaa. Kuna kitanzi, waya wenye duara mwishoni ambao unaufungua ndani ya mshipa, unaulenga ule mkia uingie kwenye duara, unakaza, unavuta wote pamoja na katheta. Kuna kitanzi chenye maduara matatu pia. Kuna ujanja wa kuingiza nyaya mbili tatu pembeni ya kipande halafu unazizungusha zote zisokotane nacho, zikitoka zinatoka nacho. Kama kilichokatika ni shina la puto na kipande kimebaki ndani ya katheta, unapenyeza puto lingine pembeni yake, unalivimbisha humo humo ndani ya katheta likibane ukutani, unatoa kila kitu kwa pamoja. Stenti iliyochomoka ikiwa bado iko juu ya waya unaweza kupitisha puto dogo katikati yake, ulivimbishe kidogo upande wa pili, uirudishe nyuma. Yaani kuna ubunifu mwingi sana humu na mwingi ulianza na mtu aliyebanwa akatumia alichokuwa nacho. Mwaka 1964 Marekani ndipo ilipoandikwa taarifa ya kwanza ya kutoa kipande cha waya kilichokatikia kwenye moyo upande wa kulia bila kumpasua mtu, na walichotumia ni koleo la kutolea vitu kwenye njia ya hewa. Miaka kumi kabla yake, 1954, iliandikwa ya mgonjwa ambaye kipande cha mrija wa plastiki kilitoka kwenye mshipa wa kiwiko kikaenda mpaka moyoni, huyo alifariki.

Kukigandamiza ni kwamba unaweka stenti juu yake kinabanwa ukutani, kinakuwa sehemu ya mshipa. Inasikika vibaya lakini inafanya kazi.

Na kukiacha. Hapa ndipo ndugu wa mgonjwa wanapotushangaa, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tulikuwa na mzee mmoja, sitasema wapi wala lini, njia panda yake ilikuwa na chokaa mbaya, waya wa tawi dogo ukabanwa kama nilivyoeleza, ukatoka bila ncha. Sentimita mbili hivi zikabaki kwenye kitawi chembamba ambacho tangu mwanzo kilikuwa hakipeleki damu ya maana. Hakuna mkia nje. Mzee hana maumivu, presha nzuri, stenti kubwa imefunguka safi. Dokta akajaribu kitanzi kidogo, hakikupita, akasimama akasema basi tunaacha, atakaa kwenye aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kama ambavyo angekaa kwa ajili ya stenti hata hivyo. Jioni nikiwa wodini bintiye akanishika mkono pembeni.

“Sista, samahani. Ni kweli mmesahau waya kwa baba?”

Nikamwambia hatujasahau dada, dokta ameamua kukiacha na amemweleza baba mwenyewe, na wewe atakueleza kesho asubuhi, nimeshamwambia. Akanyamaza, halafu mzee akadakia kitandani kumbe anasikia, “Mwanangu mimi nimeshaelezwa. Ila sista, hebu nikuulize, hicho kitu hakitaota kutu?”

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia shikamoo tena baba, hapana, sio msumari huo, ni chuma cha aina ileile inayokaa mwilini na platinamu, na kikitulia mahali mara nyingi mwili unakijengea ngozi juu yake kama unavyofanya kwa stenti. Akasema sawa, kama hakioti kutu kikae tu. Binti yake hakuridhika siku hiyo, na namwelewa kabisa, mtu akikwambia kuna kitu kimebaki moyoni mwa baba yako na yeye anaona sawa, utalala?

Lakini fikiria upande wa pili. Kumpasua kifua mzee yule, mwenye sukari, aliyetoka kuwekewa stenti na yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, ili kutoa kitu ambacho hakimsumbui. Hatari ya kukifuata ilikuwa kubwa kuliko hatari ya kukiacha. Na sio nadharia, kuna mfano mkubwa sana wa hili kwenye betri za moyo, vile vifaa vya kuusaidia moyo upige sawasawa. Mwaka 1994 ilitolewa taarifa kuhusu nyaya za betri za moyo zilizoitwa Accufix za kampuni ya Telectronics, ndani yake kulikuwa na kiwaya kidogo cha kuushikilia ule mkunjo wa umbo la J, kiwaya hicho kilikuwa kinavunjika na kutokeza nje ya plastiki, kinaweza kutoboa moyo. Watu kama 45,000 duniani walikuwa nazo. Ikawa hofu, wakaanza kuzitoa, na mwisho wa hesabu waliokufa katika kutolewa walikuwa wengi kuliko waliouawa na kiwaya chenyewe kuvunjika. Ndipo ushauri ukabadilika, wengi wakaachwa nazo wakawa wanapigwa picha kila baada ya muda. Mimi nikisikia ndugu anagonga meza “mtoeni!” huwa nawafikiria wale watu.

Sisemi kila kitu kiachwe. Mkia kwenye aota, kipande kinachocheza, kipande kwenye mshipa mkubwa unaolisha nusu ya moyo, mgonjwa anaumwa kifua na karatasi ya moyo (ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo) imebadilika, hapo kinafuatwa hata usiku wa manane na kama kitanzi kimeshindwa wanaitwa wapasuaji. Ninachosema ni kwamba uamuzi ni wa kupima mahali kipande kilipo, sio wa kupima aibu ya chumba. Maana kuna wakati mtu anaendelea kukihangaikia kipande kwa sababu tu hataki kiandikwe kwenye ripoti, na humo ndimo anapotoboa mshipa.

Kuna uchafu mwingine ambao sio kipande cha chuma na watu hawaujui. Nyaya na katheta nyingi zimepakwa utelezi ili zipite bila kukwaruza. Ule utelezi unaweza kubanduka. Mwaka 2015 FDA, mamlaka ya Marekani ya kusimamia dawa na vifaa tiba, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu hilo. Na njia rahisi kabisa ya kuubandua ni kupitisha waya wa utelezi ndani ya sindano ya chuma halafu ukaurudisha nyuma, mdomo wa sindano unaukwangua. Kila mwanafunzi anayekuja mezani kwetu namwambia hili kabla hajaniambia jina lake.

Sasa jambo ambalo najua litaniletea maneno. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini vifaa vilivyoandikwa vitumike mara moja vinaoshwa, vinapitishwa kwenye gesi ya kuua vijidudu, vinatumika tena. Inajulikana, imeandikwa kwenye majarida, sio siri niliyoitoa mimi. Na sababu tunaijua, waya mmoja bei yake ni mshahara wa mtu, puto ndio usiseme, na ukikataa kabisa maana yake mgonjwa wa tatu na wa nne kwenye foleni hawazibuliwi. Mimi sio wa kuhubiri hapa, nimeona pande zote mbili. Lakini katheta iliyopindishwa jana leo inakumbuka, puto lililokunjwa upya halirudi kwenye wembamba wake wa kiwandani, na ncha ya waya uliokwishachosha koili huwezi kuiona kwa macho kwamba imechoka. Kama sehemu wanarudia, basi angalau kuwe na mtu anayeandika kimetumika mara ngapi na mwenye mamlaka ya kusema hiki tupa, na huyo mtu akisema tupa kitupwe. Kuna mahali niliwahi kuwa, nesi akisema tupa anaambiwa weka pembeni, halafu Jumatatu anakikuta mezani.

Nirudi kwa wasomaji wangu wa kawaida, maana najua wengine mmeshachoka. Huduma hii imekaribia nyumbani siku hizi. Zamani mgonjwa wa moyo Tanzania alikuwa anasubiri kupelekwa India, leo kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu 2015, Nairobi kuna hospitali kadhaa zinafanya, kwa hiyo uwezekano wa wewe au mzazi wako kulala kwenye ile meza ni mkubwa kuliko alivyokuwa nao babu yako. Ukilala pale usiogope waya kukatika, kwa kweli ogopa zaidi sigara zako. Mkono ukianza kuuma sana wakati wa kazi sema, usijikaze kiume, maumivu ya mkono ndiyo yanatuambia mshipa umebana au kuna kitu kinajipinda. Na usitikise mkono, tafadhali sana.

Baada ya kutoka, uliza. Uliza moja kwa moja, kila kilichoingia kimetoka? Sio tusi, tunaulizana wenyewe kila siku. Kama kuna kilichobaki unatakiwa uambiwe wewe mwenye moyo kwanza, kabla ya shemeji na kabla ya kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa: ni kitu gani, cha urefu gani, kiko mshipa upi, tarehe, na dawa unazotakiwa kuendelea nazo. Hiyo karatasi ipige picha na simu. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa sababu umejisikia vizuri au kwa sababu daktari wa meno kakwambia acha wiki mbili, mpigie kwanza dokta wa moyo. Siku ukitakiwa kupigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla hujavua hata saa, mwonyeshe yule wa kwenye mashine ile picha, yeye ndiye atakayeangalia aina ya kipande na nguvu ya sumaku yake aamue. Na ukienda hospitali nyingine ukapigwa eksrei ya kifua wakaona kimstari cheupe hapo kushoto, usiwaache wakisie, wape karatasi.

Mnaonitumia picha za ripoti inbox nisome, naomba mfute majina kwanza. Na mimi sio dokta, nikishaona neno “retained”, yaani kimebaki ndani, nitakwambia tu rudi kwa aliyekufanyia ukamuulize yale mambo matano niliyotaja hapo juu.